Mashuka Kumi na Manne na Taa ya Chumbani

Ukitanua shuka, ongeza taa.

Mmeyasikia maneno hayo leo shuleni, kwenye kikao cha wazazi, mwalimu mkuu aliposema mwakani ataongeza mikondo miwili na walimu watabaki wale wale watatu. Mzee Kiondo akainuka, akatamka maneno hayo manne, akaketi. Wazazi wakacheka, mwalimu mkuu akaandika kitu kwenye daftari lake, na ninyi wajukuu zangu mkabaki mnatazamana, kwa sababu pale hapakuwa na shuka wala taa.

Haya, sogeeni. Mkunde, shika kisu kile kidogo unimenyee tangawizi huku unasikiliza. Eliaichi, wewe kaa tu, mara ya mwisho ulimenya mpaka ikaisha.

Methali nyingi hatujui zilikotoka. Tumezikuta kwa wazee, nao walizikuta kwa wazee wao. Lakini hii najua ilipozaliwa. Ilizaliwa hapa hapa milimani, ndani ya ghala la tangawizi, siku ya Jumapili, na kitambaa chake nilikishona mimi kwa cherehani yangu. Kwa hiyo kosa lenyewe na mimi nimo.

Kwanza kitendawili.

“Tega.”

Ninaye mtu. Akirudi nyuma anakua, akisogea mbele anapungua. Na kila anapokua, uso wake unapauka.

“Kivuli.”

Kivuli hakina uso, Eliaichi.

“Moshi.”

Moshi unaurudishaje nyuma? Nipeni mji.

“Chukua Same.”

Same naichukua, na ni pazuri mmenipa, maana hadithi yenyewe inapitia huko. Jibu mtalikuta njiani.

Juu ya ghala la tangawizi, pale njia inapoishia, alikuwa anakaa Bibi Nakundwa. Alikuwa na mjukuu mmoja, Eliwaza, aliyemlea tangu ana miaka mitatu, mama yake alipofariki. Mtoto yule alikuwa na tabia moja kila mtu aliijua: akicheka, anafunika mdomo kwa kiganja. Hata akiwa darasa la saba, hata akiwa msichana mkubwa. Kama mtu anayeiba kicheko na kukificha asikamatwe nacho. Bibi yake alikuwa anamwambia, “Toa mkono mwanangu, meno hayauzwi,” lakini wapi.

Eliwaza akaenda kusomea unesi Tabora. Huko akapata mchumba, na harusi ikapangwa huko huko. Bibi Nakundwa hakwenda. Nyonga zake zilikuwa hazimruhusu kufika hata kanisani bila kupumzika mara tatu, sembuse Tabora. Nao watu, mnawajua, wakaanza kusema. Mbona harusi ya haraka? Mbona mbali hivyo? Eti wakwe zake ni wakali, eti msichana alikubali kwa kuogopa. Hakuna aliyekuwa na ushahidi, ila maneno hayahitaji nauli, yakapanda mlima yenyewe mpaka kwa Bibi.

Eliwaza alikuwa anapiga simu kila Jumamosi. “Bibi, niko salama.” Bibi Nakundwa anajibu, “Ndiyo, mwanangu, Mungu akutunze.” Akishakata simu ananiambia mimi niliyemshikia: “Sauti yake naijua. Lakini sauti huvaa nguo. Ninachotaka ni uso.”

Na hapo ndipo palipokuwa na shida. Bibi Nakundwa alikuwa na presha ya macho. Daktari wa macho alimwambia ukweli bila kuuzungusha: kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinapungua kila mwezi. Mwenyewe alisema ni kama kukaa jikoni kuni zikiwa mbichi. Moshi unazidi, na mlango huuoni. Kwa hiyo kama uso wa Eliwaza angeuona, ni mwaka ule. Mwaka uliofuata ungekuwa umechelewa.

Video ya harusi ikaletwa. Tukamwekea kwenye simu, tukamsogezea mpaka inagusa pua.

“Naona kitu kinameremeta,” akasema. “Kama kijiko.”

Simu ilikuwa inang'aa, lakini uso wenyewe ulikuwa mdogo kama punje ya hindi.

Ndipo Senzota, mtunza ghala, akasema, “Uso huu ukikuzwa ukawa kama sinia, Bibi ataona. Nitakwenda Same nikaazime ile mashine ya kurusha picha ukutani. Projekta.” Tukamwona kama mtu aliyeletwa na malaika. Bibi Nakundwa akampa shuka lake moja jeupe apimie upana, Senzota akalikunja, akalitia kwapani, akashuka mlima.

Mwenye duka la mashine hizo huko Same alikuwa mama mmoja wa makamo anayeitwa Mama Rukia. Senzota alitusimulia baadaye kwamba mama yule hakuwa na haraka ya kukodisha. Alimwuliza maswali kwanza. Picha utaitupa kwenye kitambaa cha upana gani? Mahali penyewe pana giza au mwanga? Wanaotazama ni wangapi?

“Shuka moja,” Senzota akajibu. “Chumbani, na dirisha lina pazia. Anayetazama ni bibi mmoja.”

Mama Rukia akashusha mashine ndogo rafuni. “Basi hii inakutosha. Lakini nisikilize, kaka yangu. Mwanga wa mashine ni kama uji kwenye sufuria. Umeupima, ndio huo. Ukiutandaza kwenye sahani moja, ni uji. Ukiutandaza kwenye sahani kumi, umepaka tu rangi. Siku ukitaka kitambaa kikubwa, au ukitaka kutazama mchana peupe, usichukue hii. Njoo uchukue ile kubwa pale juu, ile mwanga wake ni mara tatu ya huu na zaidi.”

“Sina haja nayo,” Senzota akasema, na alisema kweli. Siku ile hakuwa na haja nayo.

Alirudi Alhamisi. Na kati ya siku aliyoondoka na siku aliyorudi, huku nyuma mambo yalikuwa yamekua.

Sasa niwaeleze desturi yetu moja ambayo ninyi mmeikuta inakwisha. Binti wa kijiji akiolewa, kila nyumba inatoa shuka jeupe. Mashuka yanaunganishwa, yanatandwa juu ya uwanja wa sherehe, na bibi harusi anapita chini yake. Shuka la mtu halikataliwi. Kulikataa ni kumwambia, wewe si wa kwetu. Eliwaza aliolewa Tabora, hakupita chini ya shuka la mtu yeyote, na kila nyumba ilibaki na shuka lake na kinyongo kidogo. Kwa hiyo waliposikia kwamba picha ya harusi itatupwa kwenye shuka, wakasema, ahaa, basi ni sisi.

Mama Mrutu akaleta la kwake. Mama Kiondo akasikia, akaleta. Jirani wa Mama Kiondo angebaki vipi? Ikafika saba, ikafika kumi, ikafika kumi na nne. Aliyepokea alikuwa Mama Namsifu, mwenyekiti wetu wa kina mama. Mwanamke mkarimu, sauti kama kengele, na hakuwahi kumnyima mtu jambo. Akaniletea mimi mzigo ule wote, akasema, “Shona safu mbili, saba juu saba chini. Tutatundika ghalani, kijiji kizima kione. Na Nakundwa, kwa macho yale, kadiri picha inavyokuwa kubwa ndivyo atakavyoona vizuri. Au siyo?”

Nikasema ndiyo. Mimi darasa langu ni la saba, lakini hata asiyesoma angejiuliza swali moja zaidi. Sikujiuliza. Nilishona siku tatu.

Jambo lingine mlijue: Mama Namsifu alikuwa mama mkwe wa Senzota. Na mkwe kwetu haongei na mama mkwe uso kwa uso, wala hambishii. Kama ana neno, linapitia kwa mkewe. Kwa hiyo Alhamisi ile Senzota alipofika na boksi lake, akakuta kitambaa kimejaa ua mzima, alikaa kwenye benchi amegeuka upande, na mama mkwe wake amesimama hatua nne kutoka pale, na mke wake Naetwe katikati.

“Naetwe,” akasema Senzota, “mwambie mama, taa hii ni ya shuka moja.”

“Mama, anasema taa hii ni ya shuka moja.”

“Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwulize, ikirudishwa nyuma, picha haikui?”

“Anauliza ikirudishwa nyuma picha haikui?”

“Inakua,” akasema Senzota, “lakini...”

“Inakua, mama.”

“Basi itarudishwa nyuma. Na mwambie mumeo, kama anataka turudishe shuka la Mama Mrutu, alichukue alipeleke yeye mwenyewe, amweleze na sababu.”

Naetwe akamtazama mumewe. Mumewe akatazama boksi. Ilikuwa bado Alhamisi, angeweza kushuka tena kuchukua ile mashine kubwa. Lakini mkwe akishajibiwa mara mbili, ya tatu inaitwa ugomvi. Akanyamaza.

Jumapili baada ya ibada tukakusanyika ghalani. Mchana, saa nane, kwa sababu wengine wanatoka mabonde ya mbali na njia zetu haziendeki gizani. Ghala linanukia tangawizi, milango miwili mikubwa iko wazi watu waingie, na juu kwenye paa mmeyaona yale mabati ya kupitisha mwanga. Jua lilikuwa linamwagika ndani kama maziwa. Kitambaa changu kimetundikwa ukuta hadi ukuta, kizuri, nasema kweli, nilikitazama nikajisifu moyoni.

Bibi Nakundwa aliletwa na vijana wanne kwenye kiti. Alikuwa amevaa kitenge chake cha harusi nyingine, ya zamani. Akawekwa mbele kabisa, katikati. Mikono yake ameikunja mapajani.

Senzota akawasha jenereta. Akaweka mashine mwisho wa ghala, nyuma kabisa, ili picha ijae. Ikajaa kweli, kutoka kona hadi kona. Lakini ilikuwa rangi ya maji yaliyosuuziwa chombo cha maziwa. Ukikaza macho sana unaona kitu kinasogea, kama mtu yuko nyuma ya ukungu wa asubuhi. Huyo ni bibi harusi au ni gari? Hujui.

Jibu la kitendawili hilo hapo, Mkunde. Ni picha ya projekta. Mashine ukiirudisha nyuma, picha inakua, na ikikua uso unapauka.

Sasa watu wetu wana adabu. Kila mmoja aliona shuka lake liko pale juu. Nani aseme haoni? Mama Kiondo akapiga kigelegele. Mwingine akasema, “Tazama gauni, jamani.” Mwingine, “Amependeza.” Tukapiga makofi, na mimi nikapiga. Tulikuwa watu zaidi ya mia mbili, tunashangilia ukungu.

Bibi Nakundwa akageuza kichwa kuelekea kwangu. Akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza kama chai imeiva:

“Imeanza?”

Makofi yakakatika. Jenereta peke yake linanguruma nje.

Nilimshika tu bega. Na yeye akaelewa. Akasema, “Basi ni macho yangu. Yameniwahi. Msiache kutazama kwa ajili yangu, wanangu, endeleeni.”

Hapo ndipo Senzota alipotoka nyuma ya mashine. Alipita katikati ya watu wote, akaja hadi mbele, akasimama mbele ya Mama Namsifu. Miaka tisa alikuwa mkwe wake, hajawahi kumtazama usoni.

“Mama,” akasema, “naomba radhi kwa ninachofanya. Si macho ya Bibi. Mimi hapa nina macho mazima na sioni kitu. Hakuna anayeona. Mwanga ni wa shuka moja, tumeugawia kumi na manne. Nilijua tangu Alhamisi, nikanyamaza.”

Naetwe alifunika uso kwa kanga. Watu wakatazama chini. Mama Namsifu aliishusha ile sauti ya kengele. Akauliza, polepole, akimwuliza yeye mwenyewe bila kupitia kwa mtu:

“Sasa tufanye nini, baba?”

“Tubaki na shuka moja. Mashine isogee karibu. Na mwanga huu wa jua uzibwe.”

“Shuka la nani?”

Nilikuwa nimeshaushika wembe wa kufumulia, lakini nianzie mshono gani? La nani nilitoe, la nani nilibakize? Niliona Mama Mrutu ananitazama mkono.

Bibi Nakundwa akanyoosha mkono, akaushika ukingo wa kitambaa. Akausugua kwa kidole gumba, kama tunavyopima kanga dukani.

“Kitambaa chenyewe chepesi,” akasema. “Mwanga si unapita unatokea nyuma? Huko nyuma nani anatazama? Na mbona mnataka kufumua? Kunjeni. Yote yakae pamoja, moja juu ya jingine, kama yanavyokaa sandukuni.”

Tukateremsha. Tukakunja kwenye mishono, mara hivi mara hivi, mpaka mashuka kumi na manne yakawa shuka moja nene kama godoro la mtoto. Tukalitundika. Lililotokea mbele lilikuwa na doa la chai pembeni, na hakuna aliyejitokeza kusema ni lake. Wanaume wakapanda juu ya paa na maturubai ya kuanikia tangawizi, wakaziba yale mabati. Milango ikafungwa, nyufa tukaziba kwa magunia. Senzota akaileta mashine mbele, karibu kabisa, akaiweka juu ya mzani wa tangawizi.

Picha ikapungua, ikapungua, ikafika shuka moja. Na ikawaka.

Alikuwa Eliwaza. Amesimama mlangoni mwa kanisa, mume wake pembeni, na uso wake mkubwa kama sinia, unaona hata hereni. Uso umetulia, hausemi kitu. Bibi Nakundwa akainama mbele kwenye kiti. Mimi nilikuwa sijui tutaona nini. Na yale maneno ya watu je, kama yalikuwa kweli?

Kisha mtu mmoja ambaye haonekani kwenye picha akasema jambo, hatukusikia nini, na bwana harusi akakanyaga shela akataka kuanguka. Eliwaza akacheka. Alicheka kwa mdomo wazi, kichwa kimerudi nyuma, meno yote nje. Mikono yake miwili ilikuwa imemshika mumewe asianguke. Hakufunika kitu.

“Rudisha hapo,” akasema Bibi Nakundwa.

Senzota akarudisha. Akacheka tena.

“Rudisha.”

Akarudisha mara tano. Mara ya tano Bibi Nakundwa akaegemea kiti chake, akapangusa macho yake yale kwa ncha ya kitenge.

“Ametoa mkono,” akasema. “Haya. Sasa hata moshi ukija, uje.”

Waliokuwa nyuma hawakuona kitu kwenye shuka dogo lile, wakawa wanauliza, na wa mbele wanawasimulia. Baadaye tukaingia kwa zamu, ishirini ishirini, mpaka kila aliyetoa shuka akauona uso wa bibi harusi. Ilichukua mchana wote uliobaki. Hakuna aliyelalamika, na yale maneno ya Tabora hayakusemwa tena.

Watu walipoanza kutoka, Senzota alikuwa anakunja waya wa mashine, amerudi kwenye adabu yake, kichwa chini. Mama Namsifu akaenda akasimama karibu naye. Kwetu mama mkwe hamwombi radhi mkwe wake. Haijawahi kutokea, na yeye hakuwa mtu wa kuanzisha. Akamgeukia binti yake.

“Naetwe,” akasema, kwa sauti iliyosikika mpaka mlangoni, “mwambie mumeo: ukitanua shuka, ongeza taa.”

Naetwe akafungua mdomo apeleke ujumbe. Senzota alikuwa ameshasikia. Akainamisha kichwa, na niliona anatabasamu kwenye ule waya wake.

Tangu siku ile, hapa kwetu mtu akitaka kualika wageni mia tatu kwa sufuria mbili, anaambiwa. Akitaka mashamba matatu na ana mikono miwili, anaambiwa. Haambiwi kwa ubaya. Mama Namsifu alitanua kwa ukarimu, hakutanua kwa majivuno, na wengi wanaotanua ni wema kama yeye. Hata mwalimu mkuu wenu ni mwema, hataki kumfukuza mtoto wa mtu mlangoni, kama sisi tulivyoshindwa kurudisha shuka la mtu. Ndiyo maana Mzee Kiondo hakumgombeza. Alimpa maneno manne tu, na mwalimu akayaandika.

Ukitanua shuka, ongeza taa.